Dagaa, maharage, mayai au migebuka: kitoweo kipi kinaufaa mfuko wako Kigoma

Kwenye bajeti ya chakula ya nyumba nyingi za Kigoma Mjini, unga hausumbui sana. Bei yake unaijua kabla hujatoka mlangoni, na mboga za majani ni mafungu mawili matatu ya lengalenga au matembele. Hesabu huharibikia kwenye kitoweo. Sokoni Mwanga unasimama mbele ya meza ya dagaa, ukigeuka unaona magunia ya maharage, hatua chache mbele kuna trei za mayai, na hapohapo mtu anapita akisema leo kwenye mwalo wa Kibirizi migebuka, samaki wa ziwani, wameshuka bei. Kila mmoja anakwambia chake ndicho rahisi. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, inategemea anayenunua ni nani na anapikia nini.

Hapa vitoweo hivyo vinne vinapimwa kwa mambo matano yaleyale: gharama ya mlo ukishaondoa visivyolika, lishe nyingine mbali na protini, moto na muda wa kupika, kukaa nyumbani bila friji, na mitego ya sokoni. Bei zilizotumika ni za mfano wa hesabu tu. Weka ulizokuta leo sokoni, njia ya kukokotoa inabaki ileile.

Nyama ya ng'ombe imeachwa nje kwa sababu anayemudu kununua kilo kila siku hana shida hii. Karanga nazo ni nzuri, ila nyumba nyingi huzitumia kuungia mboga, hazisimami peke yake kama kitoweo.

Kwanza, ugali wako ni wa nini?

Swali hili huwa halimo kwenye ushauri wa lishe unaosambaa, na kwa Kigoma ndilo linaloamua mengi.

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji takribani gramu 50 za protini kwa siku. Akila gramu 300 za unga wa dona, tayari amepata kama gramu 25 kabla hajagusa kitoweo. Akila gramu hizohizo 300 za unga wa muhogo, anapata kama 5 tu. Nyumba inayosonga bugali wa muhogo mchana na usiku inakitwisha kitoweo mzigo wa gramu 20 zaidi kwa kila mtu, kila siku.

Kuna jambo la pili. Protini ya maharage ina pengo ambalo protini ya mahindi huliziba, na ya mahindi ina pengo ambalo maharage huliziba. Ndiyo maana sahani ya makande inajitosheleza kwa protini hata bila samaki. Muhogo hauna protini ya kuziba pengo lolote. Kwa hiyo maharage na ugali wa dona ni mlo uliokamilika kwa upande huo, lakini maharage na bugali mtupu wa muhogo unadai konzi ya dagaa au yai pembeni. Njia rahisi kuliko kuongeza kitoweo ni kuchanganya unga, nusu muhogo na nusu mahindi. Ladha ya muhogo inabaki, na ule mzigo wa ziada wa gramu 20 unapungua karibu nusu.

Gharama ya mlo

Kosa la kwanza ni kulinganisha kilo na kilo. Dagaa mkavu ni samaki aliyekwisha kutolewa maji. Kwenye gramu 100 zake kuna takribani gramu 60 za protini. Maharage makavu yana 22. Yai moja lina kama 6. Migebuka mbichi ana 19 kwenye gramu 100 za minofu, lakini kichwa, miba na matumbo huchukua kama asilimia 40 ya uzito uliolipia.

Chukua familia ya watu sita. Ili kila mmoja apate gramu 15 za protini kwenye mlo mmoja, yaani 90 kwa wote, inahitajika hivi:

| Kitoweo | Kiasi kwa watu 6 | Bei ya mfano | Gharama ya mlo |
|---|---|---|---|
| Dagaa wakavu | gramu 150 | 20,000 kwa kilo | shilingi 3,000 |
| Maharage makavu | gramu 410 | 3,000 kwa kilo | shilingi 1,230 |
| Mayai | 15 | 9,000 kwa trei | shilingi 4,500 |
| Migebuka wabichi | gramu 800 | 8,000 kwa kilo | shilingi 6,400 |

Dagaa wa 20,000 amemshinda migebuka wa 8,000 kwa zaidi ya nusu. Anayepita meza ya dagaa akiguna kwa sababu ya bei ya kilo, halafu akanunua samaki mbichi "wa bei nafuu", amelipia maji na vichwa.

Jedwali hilo lina mambo mawili ya kurekebisha. Mwili hautumii protini yote ya maharage. Hutumia kama nne ya tano, wakati ya samaki na mayai hutumika karibu yote. Kwa haki basi, maharage ya watu sita ni nusu kilo, shilingi 1,500. Na kwa mayai, hakuna nyumba ya watu sita inayokaanga mayai 15 kwa mlo mmoja. Kwa kawaida ni yai moja kwa mtu, na nyanya na vitunguu vingi. Mlo huo ni shilingi 1,800, lakini protini yake ni 36 tu. Ukisema mayai ni rahisi, hakikisha hulinganishi sahani ndogo na sahani kubwa.

Njia ya kukokotoa kwa bei zako: chukua bei, gawa kwa protini iliyomo, zidisha kwa 90. Kilo ya dagaa igawe kwa 600, kilo ya maharage kwa 220, trei ya mayai 30 kwa 180, kilo ya migebuka mzima kwa 114.

Na kama unanunua kwa fungu, kikombe au sado, hesabu hii haiendi mpaka ujue uzito. Nunua fungu moja, lipitishe kwenye mizani ya duka lolote unalofahamiana nalo, andika. Mafungu mawili yanayofanana kwa macho huweza kupishana sana, kwa sababu dagaa waliopangwa kwa kusimamishwa huonekana wengi kuliko waliomwagwa. Sado ya maharage nayo inategemea imejazwa kichuguu au imekwanguliwa.

Mbali na protini

Dagaa huliwa na miba yake, na kwa hiyo ni chanzo kikubwa cha kalsiamu kwa nyumba isiyonunua maziwa. Wana pia madini ya chuma na vitamini B12. Ukiwakata vichwa wote kwa sababu ya uchungu, unatupa sehemu ya madini hayo pamoja na sehemu ya hela yako. Uchungu mwingi uko kwenye matumbo. Mpasue tumbo kwa kidole, toa kilicho cheusi, mwache kichwa kama wanao hawalalamiki.

Maharage yana kitu ambacho wengine watatu hawana kabisa, nyuzinyuzi. Hizo humfanya mtu ashibe muda mrefu na sukari ipande taratibu. Yana madini ya chuma kwa wingi na folati, ambayo mjamzito anaihitaji sana. Tatizo ni kwamba chuma cha maharage hufyonzwa kwa shida. Kamulia ndimu sahani ikiwa mezani, au kula chungwa baada ya mlo, na chai isogezwe mbele walau saa moja. Chai ya rangi inayoshushia maharage hukipunguza sana chuma kinachoingia mwilini. Vitamini B12 haimo kabisa kwenye maharage, kwa hiyo nyumba isiyokula chochote kingine cha asili ya mnyama itapungukiwa.

Yai lina vitamini A, B12 na mafuta mazuri kwenye kiini. Wengi humpa mtoto ute na kiini wakala wakubwa, wakati hazina hiyo karibu yote iko kwenye kiini. Yai la kienyeji na la kisasa karibu ni sawa kwa protini. Rangi ya kiini inatokana na alichokula kuku. Ukilipa zaidi kwa la kienyeji umelipia ladha, na hakuna ubaya, ila isiingie kwenye bajeti kwa jina la lishe.

Migebuka ana protini safi na mafuta ya samaki. Minofu yake haina kalsiamu ya dagaa kwa sababu miba inatupwa.

Hapa Kigoma ina bahati moja ya kuongezea juu ya vyote vinne: mawese. Wekundu wake ndio vitamini A yenyewe inapoanzia. Kijiko kimoja cha chakula kwenye sufuria ya maharage au sombe (kisamvu) kinatosha. Lakini ukiyachemsha mpaka yageuke meupe na jikoni kujae moshi, wekundu umekwenda na vitamini imekwenda nao. Yaweke mboga ikiwa karibu kuiva.

Moto na muda

Hapa ndipo maharage yanapopoteza ushindi wake bila mwenyewe kujua.

Nusu kilo ya maharage ambayo hayakulowekwa hukaa jikoni saa mbili hadi tatu. Tuseme yanakula mkaa wa shilingi 1,500. Ukijumlisha na bei ya maharage yenyewe unapata 3,000, na dagaa wa watu haohao ni 3,000 pamoja na mkaa wa shilingi 300, kwa kuwa wanaiva kwa dakika 10 hadi 15. Tofauti iliyoonekana kubwa kwenye mizani imeishia jikoni. Ukiloweka, muda unashuka hadi saa moja au moja na nusu, mkaa unakuwa kama wa 700, na maharage yanarudi kuwa rahisi: 2,200.

Kuloweka kwenyewe kuna utaratibu wake:

1. Chambua na uoshe, kisha weka maji mara tatu ya ujazo wa maharage. Yatavimba hadi karibu mara mbili, kwa hiyo sufuria isiwe ndogo.
2. Loweka usiku kucha, muda wa saa 8 hadi 12. Kwa joto la kando ya ziwa usizidishe. Ukikuta povu na harufu ya uchachu, yameanza kuchacha.
3. Mwaga maji ya kulowekea. Kuyamwaga kunapunguza gesi tumboni, ambayo ndiyo lawama kubwa ya wasiopenda maharage.
4. Chemsha kwa moto mkali dakika 10 nzima. Maharage, hasa mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayoharibika kwa mchemko mkali tu. Yakipikwa kwa fukuto dogo tangu mwanzo huumiza tumbo.
5. Punguza moto, funika. Bakuli la maji likae juu ya mfuniko, yapate moto hapo. Ndiyo ya kuongezea, maana maji baridi hukata mchemko na mkaa unaanza upya.
6. Nyanya na ndimu zisubiri maharage yalainike. Uchachu wake hukaza ganda, na hapo utaongeza moto bila kuelewa kwa nini.

Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Kwa nyumba inayokula maharage mara nne kwa wiki, ni heri kuloweka.

Anayetaka kubana mkaa zaidi anaweza kuchemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 25, kisha akaitoa sufuria ikiwa imefunikwa, akaifunga kwa blanketi nzito ndani ya kikapu na kuiacha saa tatu. Yataendelea kuiva kwa joto lake. Yarudishwe jikoni yachemke kabla ya kuliwa. Mwenye jiko la presha la umeme anapika yaliyolowekwa kwa dakika 20 hadi 25, umeme wake hautafika uniti moja.

Mayai ni dakika 10 na habari imekwisha. Kwa mtu anayerudi saa mbili usiku, muda huo una thamani yake.

Migebuka wa mchuzi ni dakika 20 hadi 25. Akikaangwa, hesabu mafuta. Robo lita inayobaki imeungua kikaangoni ni gharama ya kitoweo, si ya mafuta. Kumbanika au kumchemsha kwa nyanya na ndimu kunaondoa gharama hiyo.

Kukaa nyumbani bila friji

Maharage makavu yanakaa miezi, lakini kukaa na kubaki na faida ni vitu viwili. Familia ya watu sita inayokula nusu kilo mara nne kwa wiki hutumia kilo 2 kwa wiki. Gunia la kilo 100 litawachukua wiki 50. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto hukaza, na mwishoni mwa mwaka yanadai mkaa kupita kiasi hata ukiloweka. Ulichookoa kwa kununua jumla kinarudi kwa muuza mkaa. Kwa familia hiyo, kilo 25 za miezi mitatu ni kipimo kizuri, zinunuliwe mavuno mapya ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo yanapoingia mjini. Wanaotaka gunia wagawane nyumba nne.

Kabla ya kuhifadhi, hakikisha yamekauka. Weka maharage kiasi na kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado yana unyevu, yarudi juani. Yakishakauka, mfuko wa tabaka tatu unaoitwa kinga njaa huwaua fukusi kwa kuwanyima hewa, bila dawa yoyote. Kosa la kawaida ni kuufungua kila siku kuchota. Chota ya wiki mbili kwa mara moja, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake.

Maharage yaliyopikwa, bila friji, ni ya siku moja. Yapikwe bila kuungwa, uunge ya mlo mmoja mmoja. Ya nazi huharibika upesi zaidi.

Dagaa adui yake ni unyevu na hewa. Ukifika nyumbani waanike tena siku nzima juani, waache wapoe kabisa kivulini, kisha ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukiwafunga wakiwa na joto, mvuke utawaotesha ukungu. Wakitunzwa hivi wanakaa mwezi mmoja hadi miwili bila shida. Zaidi ya hapo mafuta yao huanza kuchacha.

Mayai mabichi yakikaa kivulini penye hewa yanafika wiki mbili. Usiyaoshe kabla ya kuhifadhi, maana ganda lina utando unaozuia vijidudu. Yaoshe unapotaka kupika.

Migebuka mbichi ni wa siku hiyohiyo. Toa matumbo mara tu ukifika. Aliyekaushwa kwa moshi anavumilia siku kadhaa, ila bei yake ni nyingine, ipime upya kwa mizani.

Mitego ya sokoni

Kwa dagaa, mtego ni mchanga. Walioanikwa chini huja nao, na unalipia kwa uzito wa samaki. Usione haya kuuliza, "Mama, hawa wameanikwa chanjani au chini?" Halafu hakikisha mwenyewe: chota konzi, sugua kwenye kiganja, tazama kinachobaki. Nyumbani, tia konzi kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, koroga, subiri dakika mbili, angalia kitako. Dagaa mzuri wa Ziwa Tanganyika anang'aa rangi ya fedha, amenyooka, ukimvunja analia. Akiwa wa njano ya kutu na harufu kali inayokaa kooni, mafuta yamechacha. Aliyevunjikavunjika na mwenye tumbo lililopasuka mara nyingi alichelewa kukauka, na wakati wa masika wapo wengi. Angalia pia usiuziwe dagaa wa Ziwa Victoria kwa bei ya wa Kigoma. Wale ni wadogo na wembamba zaidi. Kwa protini si wabaya hata kidogo, ila walipiwe bei yao.

Dagaa na migebuka wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mashua nyingi hupumzika, bei inapanda. Nunua akiba siku za giza, mwezi usipoonekana. Kuna pia mapumziko ya uvuvi: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Fuatilia matangazo ya mwaka husika mapema, maana dagaa wa kuhifadhi hununuliwa kabla ya hapo, si wiki ya kwanza ya kufungwa.

Kwa maharage, mtego ni umri. Maharage ya zamani hupoteza mng'ao na rangi yake hukolea. Matundu madogo ya duara ni alama ya fukusi, na ukiona tundu moja, ndani ya gunia kuna mengine yanayokuja. Ya njano kwa kawaida huwahi kuiva kuliko mekundu makubwa, kwa hiyo tofauti ndogo ya bei inaweza kujilipa kwenye mkaa. Mchanganyiko wa rangi nyingi ni rahisi, lakini hauivi kwa pamoja.

Mayai, angalia nyufa zilizo upande wa chini wa trei. Nyumbani yatumbukize kwenye maji: linalolala ni jipya, linalosimama wima limekaa ila unaweza kulivunja kwenye kikombe ukalinusa, linaloelea tupa.

Migebuka atazamwe macho na mashavu. Jicho liwe angavu lililotuna, shavu jekundu ndani, na ukibonyeza mgongo nyama irudi. Mwaloni Kibirizi au Katonga asubuhi bei huwa na nafuu, lakini jumlisha na nauli. Ukienda kwa bodaboda kufuata samaki wawili, umelipa bei ya sokoni na jasho juu.

Kila kimoja kinamfaa nani

Dagaa ni wa nyumba isiyo na friji, yenye watoto, inayotaka kitoweo cha haraka kisichoharibika. Hamfai sana mwenye gauti. Mwenye presha aangalie kama wametiwa chumvi, na kama wametiwa awaoshe mara mbili kwa maji ya vuguvugu.

Maharage ni ya nyumba yenye watu wengi na mtu anayebaki nyumbani kuangalia jiko, au yenye jiko la presha. Kwa anayepika kwa mkaa bila kuloweka, sifa ya unafuu ni ya maneno tu.

Mayai yanamfaa anayeishi peke yake, mzee asiye na meno, na mtoto. Kwa familia kubwa yabaki ya kukamilishia mlo mwingine.

Migebuka anamfaa aliye karibu na mwalo, siku ambazo samaki ni wengi, na anayepika mchuzi badala ya kukaanga. Wengine wamweke kwa siku ya furaha, bila kujidanganya kwamba ni wa kubana matumizi.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

*Unalipwa kwa siku.* Usingoje hela ya jumla isiyokuja. Nunua maharage ya njano ya siku mbili, jioni ya leo loweka ya kesho, na fungu dogo la dagaa lichanganywe humo. Gramu 50 za dagaa kwenye sufuria ya watu sita zinaongeza gramu 30 za protini.

*Unalipwa mwisho wa mwezi, watu sita, hakuna friji.* Kilo 8 hadi 9 za maharage kwa mwezi, kilo 1 na robo ya dagaa kwa milo miwili ya wiki, na trei moja ya mayai kwa watoto. Mlo uliobaki uwe wa migebuka bei ikikubali. Kwa bei za mfano za kwenye jedwali, vitu hivyo vitatu vya kwanza ni kama shilingi 61,000.

*Una mtoto wa miezi 6 hadi 23.* Dagaa wasio na chumvi, waoshe mpaka maji yatoke safi, wakaushe, wakaange bila mafuta, wasage, wachekeche. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo wa dagaa kwenye bakuli la uji, kitiwe uji ukichemka. Usiuchanganye unga huo na unga wote wa mwezi, kwa sababu mafuta ya dagaa yatachachisha vyote. Siku nyingine mpe yai zima lililoiva kabisa.

*Wewe ni mwanafunzi au mpangaji wa chumba kimoja.* Mayai siku za haraka, dagaa siku mbili, maharage mwisho wa wiki unapopika pamoja na jirani na kugawana mkaa.

*Nyumba yenu haiachi bugali wa muhogo.* Badili unga nusu kwa nusu kama inakubalika. Isipokubalika, kila siku ya maharage iwe na konzi ya dagaa, na kijiko cha mawese kiingie dakika za mwisho.

*Kuna mjamzito.* Maharage na ndimu walau mara tatu kwa wiki, dagaa na miba yake siku zinazobaki, yai anapoweza, na chai aiache mpaka saa moja ipite baada ya kula.